Nyumba, Hati na Jirani: Kununua Makao Mjini kwa Haki

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei katika semina ya Haki na Amani, Dar es Salaam





Mada tuliyopewa leo ni kununua nyumba na kuchagua mtaa wa kuishi katika jiji kubwa. Yumkini wako wanaojiuliza: je, hilo nalo ni jambo la Haki na Amani? Si kazi ya madalali, mawakili na benki? Tunajibu kwamba ni jambo letu, tena kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba kati ya mashauri yanayoletwa mbele ya kamati zetu za parokia, mengi chanzo chake ni kiwanja au nyumba. Ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa sababu ya mpaka. Mjane anafukuzwa kabla ya arobaini. Kijana amelipa akiba ya miaka minane kwa mtu aliyekwisha kuuza mahali hapohapo mara mbili. Sababu ya pili ni kwamba kwa familia nyingi hakuna ununuzi mwingine mkubwa kama huu katika maisha yote. Ukiharibika, huharibika pamoja nao elimu ya watoto na amani ya ndoa. Sababu ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha mazungumzo yetu, ni kwamba anayenunua nyumba anaweza kutenda haki au dhuluma kwa watu ambao hajawahi kuwaona.

Kanisa limelisema jambo hili zamani. Mwaka 1987, ambao Umoja wa Mataifa uliutenga kuwa mwaka wa kimataifa wa watu wasio na makao, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa waraka kuhusu Kanisa na tatizo la makazi. Waraka ule unafundisha kwamba nyumba si bidhaa ya sokoni tu. Ni hitaji la msingi la mtu na la familia. Basi tuitazame mada yetu kwa njia tuliyoizoea: tuone, tuamue, tutende.

I. TUONE

Kwanza tulitazame jiji lenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika mkoa wa Dar es Salaam watu 4,364,541. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Maana yake ni kwamba kwa miaka kumi jiji limepata zaidi ya watu milioni moja, na kila mmoja wao anahitaji mahali pa kulaza kichwa.

Mitaa ya jiji hili haikupangwa kwa bahati. Wakati wa ukoloni watu waligawanywa kwa rangi. Wazungu walijengewa kandokando ya bahari, na baadaye Oysterbay. Katikati ya mji palikuwa mahali pa biashara na makao ya Wahindi. Waafrika wakawekwa Kariakoo na Ilala. Kati ya Uhindini na Kariakoo iliachwa nafasi tupu, ndiyo Mnazi Mmoja ya leo. Nafasi ile haikuwa bustani tu. Ilikuwa ukuta usio na matofali. Ubaguzi ule wa sheria umekwisha, lakini desturi ya kuuliza "huko wanakaa watu gani?" bado tunayo, ila siku hizi rangi imeacha nafasi yake kwa fedha.

Baada ya Uhuru zilifanyika juhudi nyingi. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Katika miaka ya sabini vilipimwa viwanja na kuwekewa huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikaboreshwa badala ya kubomolewa. Benki ya Nyumba iliyoanzishwa mwaka 1972 ilikopesha wajenzi mpaka ilipofilisika mwaka 1995. Mwaka 2002 ulianza mradi wa viwanja 20,000, uliofika Bunju, Kibada, Tuangoma, Buyuni na kwingineko. Hata hivyo, viwanja vilivyopimwa havikutosha kamwe. Wengi wetu tulinunua kipande cha shamba kutoka kwa mwenyeji, mbele ya mjumbe na mashahidi, tukajenga chumba kimoja, tukahamia kabla ya lipu, tukaongeza chumba cha pili mwaka uliofuata. Hatusemi hayo kwa dharau. Sehemu kubwa ya jiji hili imejengwa hivyo, tofali kwa tofali, kwa jasho la watu waaminifu ambao hawakuwa na mlango mwingine.

Lakini yatupasa kuona pia gharama yake. Desemba 2011 mvua kubwa zilifurika katika bonde la Msimbazi na mabonde mengine. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na maelfu wakaachwa bila makao. Serikali iliwapa wengi wao viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji. Baadhi yao wakarudi bondeni. Kwa nini warudi palepale palipowaua jirani zao? Kwa sababu Mabwepande walipata ardhi, lakini vibarua vyao, genge lao la mboga na shule za watoto vilibaki mjini. Hapo tunajifunza kwamba kiwanja peke yake si makao.

Kadhalika, Aprili 2009 Mbagala, na Februari 2011 Gongo la Mboto, mabomu yalilipuka katika maghala ya jeshi, yakaua watu na kubomoa nyumba zilizokuwa zimeyazunguka. Na mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Waliobomolewa hawakuwa wavivu wala wahalifu. Wengi walinunua kwa uwazi, wakajenga, wakazaa na kuzika hapohapo. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia mapema, au masikio ya kumsikia alipowaambia.

II. TUAMUE

Tukitafuta mwanga katika Maandiko Matakatifu, tunakuta mikataba miwili ya ardhi inayostahili kuwekwa bega kwa bega.

Wa kwanza umo katika sura ya 32 ya kitabu cha Nabii Yeremia. Nabii yu kifungoni, na majeshi ya Babeli yameuzingira mji. Ndugu yake Hanameli anamjia, akitaka amnunulie shamba lililoko Anathothi. Yeremia anakubali. Tuangalie jinsi alivyofanya. Bei inatajwa wazi: shekeli kumi na saba za fedha. Fedha inapimwa katika mizani mbele ya watu. Mkataba unaandikwa, unatiwa sahihi na muhuri, na mashahidi wanaweka sahihi zao. Inafanywa nakala iliyofungwa na nyingine iliyo wazi, na zote mbili Baruku anaagizwa kuzitia katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Nabii wa Mungu, aliyezungumza na Mungu, hakusema "huyu ni ndugu yangu, tuaminiane." Aliandika. Wahenga wetu nao walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkataba wa pili umo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu analitamani shamba la mizabibu la Nabothi, kwa kuwa liko karibu na nyumba yake. Anatoa bei nzuri, au shamba jingine bora zaidi. Nabothi anakataa, kwa sababu ni urithi wa baba zake. Ndipo Yezebeli anaandika barua kwa jina la mfalme, anazipiga muhuri wa mfalme, anatafuta wazee na mashahidi wawili. Nabothi anapigwa mawe, na Ahabu anashuka kulitwaa shamba.

Ndugu wapendwa, tuone tofauti. Muhuri wa Yezebeli ulikuwa muhuri halisi. Mashahidi walikuwa wawili, kama sheria ilivyotaka. Wazee wa mji walikuwapo. Kila karatasi ilikuwa imekamilika, na ndani yake mlikuwa na damu. Naye Ahabu, ambaye hakuandika chochote kwa mkono wake, aliulizwa na nabii Eliya kana kwamba ndiye aliyeua. Hakuweza kujitetea kwamba yeye alikabidhiwa tu.

Hapa ndipo tunapopata fundisho letu. Yeremia anatuonya tusinunue bila hati. Nabothi anatuonya kwamba hati peke yake haitoshi. Yatupasa tuulize mambo mawili kwa pamoja: je, karatasi hii ni ya kweli? Na je, jambo linaloandikwa katika karatasi hii ni la haki? Asiyeuliza swali la kwanza huibiwa. Asiyeuliza la pili huenda akawa mshirika wa mwizi.

Tuchukue mfano wa aina tunayokutana nayo. Mzee amefariki, ameacha mjane na watoto wadogo. Shemeji zake wanaleta mnunuzi. Wana muhtasari wa kikao cha ukoo, wana barua ya mtaa, wana mashahidi. Bei ni ya chini kwa namna ya kushangaza. Mnunuzi anafurahi, anasema Bwana amemjibu sala zake. Hamwulizi yule mama aliyeketi ukumbini huku amejitanda kanga. Huyo mnunuzi hakuvunja kufuli wala hakutoa tusi. Lakini bei ile ya chini ililipwa na nani? Ililipwa na yatima. Inapokuwa rahisi kupita kiasi, kuna mtu aliyebeba tofauti.

III. TUTENDE

Sasa tuje kwenye mambo ya kutenda. Tunayagawa katika sehemu tatu: ardhi, hati na jirani.

A. Ardhi

Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Basi kabla ya kununua twende tukapaone mahali zaidi ya mara moja. Madalali hupenda kutupeleka kiangazi, saa nne asubuhi, kwa gari. Sisi twende masika, siku ya pili baada ya mvua kubwa, tena kwa miguu. Tutazame alama ya maji katika kuta za jirani. Tuulize wazee wa mtaa maji hupita wapi, kwa maana maji hufuata mkondo, na mkondo hausahau njia yake hata kama umefukiwa kwa kifusi miaka ishirini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bahari au ziwa. Anayeuziwa ndani ya mita hizo anauziwa hofu.

Tuulize vilevile juu ya hifadhi ya barabara, njia ya reli, nguzo za umeme mkubwa, mabomba na kambi za jeshi. Majibu hayo hayamo kinywani mwa muuzaji. Yamo katika ofisi zinazohusika, na katika ramani ya mipango miji iliyoko halmashauri ya manispaa. Kuuliza si ujinga.

Kisha tuhesabu gharama, kama Injili ya Luka inavyotukumbusha juu ya mtu ajengaye mnara. Bei ya nyumba si fedha tunayomkabidhi muuzaji tu. Tuchukue mfano wa familia yenye watu wanne wanaosafiri kila siku kwenda kazini na shuleni. Ikiwa nauli yao wote kwa siku ni shilingi 6,000, kwa siku 25 ni shilingi 150,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 1,800,000. Kiwanja kilichoonekana nafuu pembezoni mwa jiji kinalipiwa tena kila mwaka katika daladala. Na kuna gharama nyingine isiyohesabika kwa shilingi: baba anayeondoka saa kumi alfajiri na kurudi saa nne usiku huwaona watoto wake wakiwa wamelala. Hatusemi watu wasihamie pembezoni. Wengi hawana budi. Tunasema wahesabu mambo yote, pamoja na maji, zahanati, shule, na saa ambazo familia itakuwa pamoja.

B. Hati

Kwanza, tujue tunachonunua. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Tunachouziana ni haki ya kumiliki na kuitumia, pamoja na majengo yaliyo juu yake. Hati miliki hutolewa kwa muda maalumu usiozidi miaka 99; basi tusome ni miaka mingapi imebaki, na ni matumizi gani yameruhusiwa. Leseni ya makazi, ambayo wengi katika maeneo yasiyopimwa walianza kuipata tangu mwaka 2004, ni ya muda mfupi na huhitaji kuhuishwa. Barua ya serikali ya mtaa na muhuri wake ni ushahidi kwamba uongozi na majirani wameyajua mauziano; si hati ya umiliki. Kila karatasi ina uzito wake, na aliye nyuma ya meza ya dalali huzizungumzia zote kana kwamba ni moja.

Pili, penye hati, tufanye uchunguzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Huko ndiko tutakakojua mwenye jina ni nani, kama hati imewekwa rehani benki, na kama kuna zuio. Tusiridhike na nakala tuliyoonyeshwa na muuzaji. Tena, uhamisho haukamiliki siku tunapopeana mikono. Unakamilika unaposajiliwa, baada ya kodi na ushuru unaotakiwa kulipwa. Wako waliokaa katika nyumba miaka kumi wakidhani ni yao, kumbe katika daftari la serikali bado ni ya marehemu aliyewauzia.

Tatu, tumjue muuzaji na nyumba yake. Kama ana mwenzi wa ndoa, mwenzi huyo awepo na aridhie kwa sahihi yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja wa wanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kama mali ni ya marehemu, tumwone msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama. Muhtasari wa ukoo pekee hautoshi. Na tuzungumze na mjane, naye awe huru kusema, pasipo shemeji kumjibia.

Nne, mkataba uandikwe na mwanasheria, na wahusika wausome kwa lugha wanayoielewa. Mipaka itajwe kwa vipimo na kwa majina ya majirani, nao majirani waitwe waione. Fedha ipite benki, isihesabiwe gizani nyuma ya duka. Bei iandikwe ile ya kweli. Wapo wanaoandika bei ndogo ili kukwepa kodi. Siku mauziano yakivunjwa, watadai fedha ipi, iliyoandikwa au iliyofichwa? Na hata kama hakuna siku ya kukamatwa, kodi hiyo ndiyo dawa ya zahanati na mfereji wa mtaa.

Tano, hati iandikwe kwa jina la mume na mke. Hapa tunajua tunagusa mahali penye maumivu. Akina baba wengine husema: "Jina la nini, si sisi sote ni mwili mmoja?" Maadam ni mwili mmoja, jina la pili lina ubaya gani? Sheria ya Ardhi inatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Na Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini kesi ni safari ndefu kwa mjane mwenye watoto. Jina lake katika hati leo ni sahani ya ugali wa watoto kesho.

Sita, tuangalie mkopo. Sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 ilifungua mlango kwa benki kukopesha kwa muda mrefu, lakini si kila anayejiita mkopeshaji ni benki. Tuulize riba ni ya mwezi au ya mwaka. Asilimia tatu kwa mwezi husikika ndogo, kumbe ni asilimia thelathini na sita kwa mwaka. Anayesaini asichokielewa anaweka rehani usingizi wa familia yake. Kwa wengi wetu, chama cha akiba na mikopo, pamoja na ujenzi wa hatua kwa hatua, ni njia ya polepole lakini ya salama.

Na mgogoro ukitokea, tujue mlango wa kubisha. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata husuluhisha tu. Uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tusikubali kutozwa fedha na mtu anayedai atatoa hukumu chini ya mwembe.

C. Jirani

Sehemu hii aghalabu husahauliwa, nayo ndiyo itakayotufuata maisha yetu yote. Nyumba hununuliwa mara moja, lakini jirani tunaishi naye kila siku.

Tunapochagua mtaa, tunatafuta nini? Wengine hutafuta watu wa kabila lao, wengine watu wa dini yao, wengine mtaa wa "watu wazito" ili anwani iwapandishe hadhi. Si kosa kutafuta usalama na utulivu kwa watoto. Lakini tukihamia mahali ili tu tusiwaone maskini, tumeirudisha ile nafasi tupu ya mkoloni kwa mikono yetu wenyewe. Sifa moja ya Magomeni, Ilala na Temeke ya wazee wetu ilikuwa kwamba Mzaramo, Mnyakyusa, Mmanyema na Mchaga walikaa nyumba moja yenye ukumbi katikati, Mwislamu akaandaa futari na Mkristo akatoa meza, na msiba wa mmoja ukawa wa wote. Lugha hii tunayozungumza ilikomaa katika kumbi zile. Urithi huo tusiuuze kwa bei ya geti.

Kwa hiyo, tukisha kununua, tuwe jirani mwema. Tusijenge ukuta ukameza njia ya watu ya kwenda kisimani. Tusihamishe jiwe la mpaka usiku. Kumbukumbu la Torati lilikataza jambo hilo kabla ya wapimaji wote wa ardhi. Tusielekeze maji yetu machafu kwa aliye chini yetu. Na tukinunua nyumba yenye wapangaji, tuwatazame kama watu na si kama mizigo iliyosahauliwa na mwenye nyumba wa zamani. Mpangaji aliyekwisha kulipa kodi ya miezi sita ana haki ya miezi yake sita. Kumtupia vyombo nje kwa sababu nyumba imebadili mikono ni kumtendea kama Ahabu.

Mwisho wa sehemu hii, tuseme wajibu wa Jumuiya zetu. Tunapendekeza mambo matatu kwa kila parokia. Kwanza, Kamati ya Haki na Amani iwatafute waamini wenye taaluma, yaani mawakili, wapima ardhi na maafisa mipango, watoe ushauri walau Jumapili moja kwa mwezi baada ya Misa, bila malipo, kwa kila mwenye shida, awe Mkatoliki au asiwe. Pili, mtu wa Jumuiya anapotaka kununua, wawili wafuatane naye kupaona mahali. Macho ya mnunuzi yamejaa hamu. Macho ya jirani huona ufa. Tatu, Jumuiya inapofiwa, pamoja na rambirambi na kupika, wachaguliwe watu wawili wa kumsindikiza mjane mpaka mahakamani kufungua mirathi. Kulia naye siku tatu na kumwacha siku ya nne si huruma kamili.

HITIMISHO

Ndugu wapendwa, Yeremia alinunua shamba wakati mji wake unakaribia kuanguka. Alifanya hivyo kama ishara kwamba siku itakuja ambapo nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi ile, kwa amani. Nasi tunaponunua kwa uwazi, kwa bei ya kweli, bila kumkanyaga mjane wala mpangaji, tunatoa ishara hiyohiyo katika jiji letu: kwamba hapa panaweza kuishi watu, wote, kwa haki.

Basi asiye na nyumba asikate tamaa wala asione haya. Mpangaji mwaminifu ni mwenyeji kamili wa mtaa na wa Jumuiya. Mwenye nyumba moja aitunze na ashukuru. Mwenye nyumba nyingi asome Isaya sura ya tano, ajiulize kama amewaachia wengine nafasi. Nasi viongozi, mtu akija kwetu na karatasi mkononi akituomba tuwe mashahidi, tusikimbilie kalamu. Tumwulize kwanza: nani mwingine anaishi katika nyumba hii, na yeye anasemaje?



MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu, ni maeneo gani ambayo wenyeji wanajua kuwa maji hupita, lakini yanaendelea kuuzwa? Tufanye nini ili wageni wajue?

2. Ni familia ngapi katika Jumuiya yetu ambazo hati au karatasi ya mauziano ina majina ya mume na mke? Ni nini kinachowazuia wengine?

3. Wapangaji wa mtaa wetu hualikwa katika mikutano na mambo ya Jumuiya, au huonekana kama wapita njia?

4. Je, tunamfahamu mjane au yatima ambaye nyumba yake iko hatarini hivi sasa? Ni nani kati yetu watakaofuatana naye, na lini?